Hizi fonti za bure zimenila pesa, sikizeni yaliyonipata

Jamani nimekaa na hii stori muda mrefu naona haya kuisema, ila wiki iliyopita kijana jirani yangu hapa Kisauni anayeanza mambo ya dizaini akaniuliza "dada, wapi natoa fonti kali za bure?" Fonti ndio ile mitindo ya maandishi ya kompyuta. Nikaanza kumjibu kwa WhatsApp, sauti ya kwanza dakika nne, ya pili dakika saba, bado sijafika hata katikati, nikaona wacha niandike mara moja yaishe na wengine wasome.

Mimi nilianza dizaini 2019 nikiwa nyumbani na mtoto mchanga. Laptopu ya ex-UK ya 18,000, bando za usiku, na kazi zenyewe zile za mtaani, kadi za harusi, baneri za maulidi, stika za tuktuk, menyu ya mama wa viazi karai. Mombasa harusi haziishi kwa hivyo kazi hukosi. Shida ni kwamba kila mtu ataka maandishi ya kuchezacheza, yale kama ya mkono yenye mikia mirefu, na laptopu ilikuja na fonti zake za kawaida tu ambazo mteja akiziona asema "hii si kama barua ya chifu?" Basi ni kuingia intaneti kutafuta.

La kwanza lililonipata nalisema haraka maana ni ujinga mtupu. Nikaingia ukurasa mmoja umejaa matangazo, kuna vitufe vitatu vya kudaunlodi na vyote vya kijani, nikabonyeza kile kikubwa. Likashuka faili linaishia na .exe, nikalifungua. Fonti sikuiona, nilichokiona ni laptopu kuanza kufungua madirisha yenyewe, na kesho yake fundi akaniambia ni kufomati tu, 2,000, na kadi za harusi mbili zikaenda na maji. Faili la fonti huishia na .ttf au .otf, na likiwa limefungwa pamoja na mengine ni .zip. Ukiona .exe hiyo ni programu, na mtu aliyekutumia programu wakati wewe umeomba fonti hana nia nzuri na wewe. Haya, tuendelee.

Sasa hii ya bucha. Kuna mwenye bucha hapa karibu alitaka baneri ya mita tatu, aweke jina la duka na chini yake NYAMA YA NG'OMBE NA MBUZI. Nikapata fonti nene kama imepigwa kwa brashi ya rangi, nzuri wallahi, nikamtumia sampuli ya jina la duka peke yake, akaipenda. Usiku saa tano mtoto amelala ndio nikamalizia yale maneno ya chini, nikiangalia baneri nzima kwenye kioo kidogo cha laptopu, nikasevu, nikatuma kuprinti. Asubuhi ya pili yake nashuka kwenye tuktuk kwenda kuchukua pesa yangu naiona imeshatundikwa juu ya mlango, na pale kati ya NG na OMBE kuna kiboksi. Kiboksi kitupu, cheusi pembeni, kikubwa kama sahani. Mwenye bucha yuko kwenye gogo lake anakata mbavu hata hakuinua kichwa, akaniuliza tu: "Dada, hiki kidirisha ni cha nini?"

Nilicheka kisha nikataka kulia. Baneri 2,400 na yeye hana nafasi ya kungoja nyingine kwa sababu kesho yake Ijumaa. Tukaita yule mzee wa kuandika mabango kwa mkono, akapanda ngazi, akakifuta kile kiboksi kwa rangi nyeupe na akachora kile kialama cha NG' kwa rangi nyekundu, sekunde kumi na tano, 200. Mpaka leo ukipita utaiona, hiyo alama ndio iliyonyooka kuliko maandishi yote.

Baadaye ndio nikaelewa. Fonti ni kama kasha la michoro, kila herufi na kila alama ni lazima mtu akae aichore, sasa zile zinazotolewa bure kama kionjo mara nyingi mwenyewe anachora A mpaka Z halafu basi, tarakimu na alama amezibakisha kwenye ile ya kulipia. Nyingine mbaya zaidi, niliwahi kupata moja kila ukibonyeza namba inatoa neno DEMO. Mzungu anaweza kuandika sentensi nzima asiihitaji hiyo alama. Sisi ukiikosa umebadilisha lugha, maana kung'oa ni kung'oa na ngoa ni ile ya kwenye taarabu, hazina undugu.

Na kuna mtego mwingine hapo hapo ambao ulinichukua miezi kuugundua. Ile alama ziko mbili, kuna iliyosimama wima na kuna ile iliyopinda kama tisa ndogo. Wateja wanaotumia iPhone wakikutumia maneno kwa WhatsApp simu yao inaipinda yenyewe, sasa unaweza kuwa na fonti yenye ile ya wima tu, wewe ukiijaribu kwa kibodi yako iko sawa, ukibandika maneno ya mteja yanatoka viboksi. Siku hizi kabla sijaipenda fonti yoyote naiandikia sentensi yangu ya upuuzi, "Ng'ombe wa ng'ambo hang'oki Sh 1234567890/=", mara ya kwanza na alama ya wima, mara ya pili na ya kupinda. Kurasa nyingi za fonti zina sehemu ya kuandika maneno yako ukaona yatakavyotoka kabla hujadaunlodi, kwa hivyo hata bando haipotei.

Halafu naandika MWALIKO WA HARUSI YA kwa herufi kubwa, hii ni ya kuangalia nafasi. Kiswahili kina WA na YA na VA kila pahali, na hizo herufi zimeinama, kwenye fonti iliyotengenezwa haraka haraka utakuta W na A zimeachana kama wameachika, mpaka WAZAZI inasomeka W AZAZI. Fonti ikifeli hapo naifuta sina haja ya kuirekebisha herufi moja moja usiku kucha, nimeshafanya hivyo sana.

Hivyo viboksi kumbe hata huko nje vinawasumbua watu, madizaina wanaviita tofu kwa vile vinafanana na vile vipande vyeupe vya soya vya Kichina. Google wana familia ya fonti inaitwa Noto, na jina lenyewe limetokana na hiyo "hakuna tofu", wanataka kila maandishi ya dunia yawe na pa kuandikiwa. Imeniokoa, kuna familia moja ya Kihindi hapa mjini walitaka kadi ya Kiingereza na Kigujarati, nikachukua Noto Sans Gujarati, kazi ikaisha siku hiyo hiyo.

Sasa niwaambie ya bismillahi. Hii ndio iliyoniuma, hata kuliko ile ya pesa nitakayoisema mbele.

Ilikuwa kadi za harusi, 300, familia ya Bondeni inayojiheshimu, juu ya kadi Bismillahi kwa Kiarabu. Mimi madrasa nimesoma, Kiarabu nakisoma hata kama maana sizijui zote, kwa hivyo nilipobandika ile Bismillahi kwenye programu ikatoka herufi moja moja zimeachana na zaanzia kushoto, niliona pale pale. Nikatafuta, nikakuta kwamba kwenye programu niliyokuwa natumia kuna mahali ndani ya setingi za maandishi pa kuwasha lugha za Mashariki ya Kati, usipopawasha Kiarabu chote kinasambaratika hata fonti iwe nzuri vipi. Nikawasha, zikaungana, nikachagua fonti nzuri, familia wakakubali. Nikafurahi nikajiona bingwa.

Kosa langu likawa kutuma lile faili la kazi kama lilivyo, wazi, kwa watu wa kuprinti. Kompyuta yao haikuwa na ile fonti na haijawashwa Kiarabu, ikaweka fonti yake yoyote na herufi zikaachana tena na zikageuka. Yule kijana wa pale hasomi Kiarabu, kwake yote ni mapambo, akaprinti. Mimi nikaenda kuchukua boksi jioni wakati wa Magharibi, giza, mtoto mgongoni, sikulifungua. Nikalipeleka moja kwa moja.

Ami yake bibi harusi ndiye aliyelifungua. Mzee wa kanzu, mpole, akatoa miwani, akaiweka kadi mbali, akaiweka karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, hii yasomwa kuanzia wapi?"

Angenipigia kelele ningeona afadhali. Nikaichukua nikaangalia, nikahisi masikio yanawaka moto. Sikuwa na la kusema zaidi ya "samahani ami". Akaniambia haina neno, ila hizi tusizitupe jaani, jina la Mwenyezi Mungu lilikusudiwa hapa hata kama halikuandikika. Tukazichoma uani kwenye jiko la makaa, mimi na yeye na bibi harusi, kadi 300 zachukua muda kuungua maana ile karatasi ilikuwa nzito yenye mng'aro. Nikabaki pale nazigeuza kwa mwiko. Kuprinti tena tukagawana na wale wa duka, 9,000 yangu 9,000 yao, nami nililipwa 5,000 ya dizaini, kwa hivyo nilitoa 4,000 mfukoni kufanya kazi ya watu.

Tangu hapo faili haliondoki kwangu bila kugeuza maandishi yote kuwa michoro, kwenye programu ya CorelDRAW ni Ctrl+Q, kwenye ya Illustrator Ctrl+Shift+O. Ukishafanya hivyo kompyuta ya kule haihitaji tena fonti yako, yaona mistari tu. Lakini weka nakala moja ambayo haijageuzwa, mteja akikupigia "badilisha tarehe" utajuta, maana michoro haihaririki. Na kadi zikiwa tayari fungua boksi pale pale dukani, hata Magharibi ikuingilie.

Kwa Kiarabu siku hizi sihangaiki, nachukua fonti inaitwa Amiri. Ameitengeneza Mmisri anaitwa Khaled Hosny akifuata herufi za naskhi, ule mwandiko wa Kiarabu wa vitabuni, zilizotumiwa na matbaa ya Bulaq kule Cairo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hivyo wazee wakiiona wanatulia, inafanana na vitabu walivyosomea. Na ndani yake Bismillahi nzima iko kama herufi moja, ﷽, waibandika tu haina cha kuachana. Nyingine ni Scheherazade New. Zote mbili bure, bure ya kweli.

Nimesema bure ya kweli kwa sababu ya hii ya achari.

Kuna mama mmoja anatengeneza achari ya embe na mabuyu, alianza kuuzia jirani kwenye vikopo, akataka stika za chupa. Nikamfanyia 2021 kwa 3,500, jina lake kwa maandishi ya mkono yenye mikia, fonti niliitoa kwenye ukurasa ulioandika bure, tena nikakumbuka kujaribu sentensi yangu ya ng'ombe ikapita, nikaona huyu sasa nimekomaa. Achari ikashika. Ikaingia duka la Nyali, akafungua Instagram, watu wa Nairobi wakaanza kuagiza, mimi kila nikiiona chupa nachukua picha natuma kwa mamangu.

Mwaka wa pili ikaja imeili kwa yule mama, kwa Kiingereza, naye akanitumia "mwanangu hawa wataka nini?" Nikaisoma mara tatu. Ni mtengeneza fonti kutoka Indonesia, ameiona chupa Instagram, anauliza kwa adabu leseni ya fonti yake ilinunuliwa wapi kwa sababu haimo kwenye orodha ya wateja wake.

Nikafanya kosa la pili juu ya la kwanza, nikanyamaza. Nikamwambia mama "ni matapeli hao, wacha". Siku kumi na nne. Ikaja nyingine, safari hii adabu imepungua na bei imewekwa, dola 120 kwa sababu ni bidhaa inayouzwa. Dola ilikuwa 130 na kidogo, piga hesabu, zaidi ya 15,600 kwa kazi niliyolipwa 3,500.

Usiku huo nikarudi kwenye ile zipu ya zamani. Ndani kuna faili mbili, fonti yenyewe na kifaili cha maandishi cha kilobaiti moja ambacho sikuwahi kukifungua, kwa nini nikifungue, mimi nataka fonti. Nikakifungua. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba hii ni kwa matumizi binafsi tu, ukitaka biashara wasiliana nami, na imeili yake ipo hapo. Miaka miwili imelala kwenye laptopu yangu.

Nikamwandikia mwenyewe, Kiingereza changu cha kuunga unga, nikamwambia kosa ni langu si la yule mama, mimi ndio dizaina, nimelipwa hivi, sikusoma, nimeona sasa. Akajibu asubuhi yake. Akashusha mpaka dola 60, akasema ukweli ni kwamba wengi hawajibu kabisa. Nikalipa, karibu 8,000 na makato ya benki. Mama sikumdai hata senti, ila nilimwambia ukweli, na huo ulikuwa mzigo mwingine kuutamka.

Kwa hivyo hili neno bure lina tabaka. Bure kwa matumizi binafsi maana yake kadi ya besdei ya mwanao ukiibandika ukutani, basi. Mtu akishakulipa hata 500, au kile kitu kikiuzwa, umetoka humo. Mara nyingine fonti ile ile ukurasa mmoja unasema binafsi na mwingine unasema biashara ruhusa, kwa sababu huo wa pili umeichukua ukaipakia bila kumuuliza mwenyewe, kwa hivyo tafuta jina la mtengenezaji uende kwake usome huko. Ukurasa wa DaFont kwa mfano kila fonti ina maneno madogo pembeni ya kitufe yakikwambia ni ya aina gani, na unaweza kuchuja zibaki zile za bure kabisa, ila bado ule waraka wa ndani ya zipu ndio wenye kauli.

Mimi siku hizi naanzia Google Fonts. Iko tangu 2010, zote ni za leseni huria, nyingi ni ile inaitwa OFL (Open Font License) ya SIL, wale watu wa lugha, toleo lake la 1.1 ni la 2007. Hiyo inakuruhusu kuweka kwenye chupa, fulana, logo, tovuti, kibiashara, humuulizi mtu. Unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake, na ukiibadilisha kuna majina huruhusiwi kuyatumia tena. Leseni inakuja ndani ya zipu imeandikwa OFL.txt, nami naihamisha kwenye folda ya kila kazi, na mteja mkubwa nampa nakala yake. Baada ya Google naenda Font Squirrel, wao huchagua zile zinazoruhusu biashara, lakini hata huko nafungua leseni ya kila moja, nimeshakuwa mwoga.

Mtu atasema za Google zinatumiwa na kila mtu, ni kweli, Lobster imechoka masikini, iko kwenye kila menyu kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Lakini kwa mikia kuna Great Vibes na Allura, kadi za harusi zinatoka safi. Kwa herufi nzito za baneri naipenda Montserrat, aliitengeneza Julieta Ulanovsky akitazama mabango ya zamani ya mtaa wake kule Buenos Aires, nami kila nikipita Biashara Street nikiona yale majina ya maduka ya zamani juu ya milango nawaza kwa nini hakuna mtu amezichora hizi zetu. Tahadhari moja, ukidaunlodi familia siku hizi mara nyingi ndani kuna faili moja la kubadilika unene na kando kuna folda imeandikwa static. Programu yangu ni ya zamani, ile ya kwanza inanionyesha unene mmoja tu nikadhani nimeibiwa, kumbe nilitakiwa kuingia kwenye static.

Sasa juzi mwenye bucha amenipigia. Baneri imepauka, ataka mpya, kubwa zaidi, na amesisitiza niweke maandishi yale yale ya kwanza maana wateja wameyazoea. Nikaenda kumtafuta mtengenezaji wa ile fonti ya brashi, nikampata, ile kamili yenye alama na tarakimu zote ni dola 18. Nikamwandikia mwenye bucha hesabu yote, kuprinti, dizaini, na leseni ya fonti.

Amenijibu kwa sauti, nasikia na panga linagonga gogo nyuma: "Leseni ya maandishi? Kwani mara ile si ilikuwa ya bure?"